Kijiko Sirudishi

Jumanne, 4 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Simu yako imeita mara sita tangu Jumapili, nami naitazama tu inavyotetemeka juu ya meza ya cherehani kama mende aliyepinduka. Usinune. Sipokei kwa sababu kwenye simu wewe huchekesha, nami nikishacheka huwa nimeshakubali. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Nimelisikia tangazo lenu. Nilikuwa natia vifungo mashati ya sare, redio ni ya jirani, ukuta wetu mwembamba, mara nikasikia sauti yako. Jumamosi tarehe 29, saa nne asubuhi, mwaka mmoja tangu Sufuria, yaani baba, atutoke, Mfuniko, yaani wewe, atakaa peke yake kwenye kipindi chenu "Tulikuwa Wapi?", na wasikilizaji watapata mwisho wa kisa cha sanduku, "kutoka kinywani mwa mwenye sanduku mwenyewe." Mwenye sanduku ni mimi. Hukuniuliza.

Hapana, Baba Mdogo. Siji, na kisa hicho naomba msikirushe. Vipo vingine mia. Wekeni cha kinyozi aliyelala akimnyoa mteja. Hicho nilikipenda tangu mdogo, na baba alikisimulia vizuri kuliko vyote.

Tone ameamka. Ana miezi minane, fizi zimemvimba, ananitafuna bega kama hindi la kuchoma. Nisamehe kwa mwandiko.

Mama Tone


Ijumaa, 7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti changu hapa kituoni wamekichukua wakampa msomaji habari mpya, kijana mwenye mgongo mzima kabisa. Wameniletea kingine kinachozunguka. Mimi na kiti kinachozunguka hatuelewani. Jana nilianza sentensi nikimtazama fundi mitambo, nikaimaliza nikiutazama ukuta, naye akasema imetoka vizuri zaidi ya zote za wiki hii. Fundi mwenyewe amefunga ndoa juzi, umesikia? Mkewe ni mpole, anasikiliza. Nikamwambia umebahatika, sisi wengine wasikilizaji wetu tunawasikia kwa barua tu. Tulikuwa wapi?

Sanduku. Hebu njoo nikuoneshe boksi la barua lililo chini ya meza yangu. Wote wanauliza jambo moja: geti la shule lilifunguliwa au halikufunguliwa? Unaijua sheria yetu. Miaka kumi na tisa mimi na baba yako tuliketi na glasi moja ya maji katikati, na kijiko. Mmoja akikaribia mwisho wa kisa, mwenzake anagonga glasi, ting, naye lazima aache, ashike njia nyingine. Hakuna kisa kuisha siku hiyohiyo. Vingine vilichukua miezi. Hiki cha sanduku alikianza mara tatu, na mara zote baba yako amebaki palepale: sanduku kichwani, wewe nyuma yake umenuna, sanduku linafunguka, nguo za ndani zinatapakaa barabarani, mlinzi wa geti anauliza, "Umebeba nini, mzee?" Ting. Kisha Mungu akamchukua, na mlinzi yule amesimama pale hadi leo.

Najua unaona haya kwa hizo nguo za ndani. Mwanangu, ulikuwa mtoto. Sasa wewe mwenyewe unafua nepi, nani atakucheka?

Nikuambie na hili, nisije nikaonekana natania tu. Mkuu wa vipindi amesema mazungumzo ya mtu mmoja si mazungumzo, ni mtu anayejisemea. Tarehe 29 ndiyo mtihani wangu. Nisaidie.

Mfuniko


Jumanne, 11 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Si nguo za ndani. Hazikuwahi kutapakaa. Sanduku halikuwahi kubebwa kichwani hadi getini. Baba hakufika getini. Hakupanda hata basi.

Nitaandika mara moja nimalize, maana Tone amelala na nina sketi kumi na mbili za kupinda kabla ya Alhamisi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, naanza shule ya bweni. Baba alinibebea sanduku mpaka stendi, akaliweka karibu na ukuta, akaniambia, "Likalie, wasije wakalichukua. Naingia studio dakika kumi, narudi, tunapanda wote." Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nikalikalia. Basi la saa tatu likaondoka. La saa tano likaondoka. Kila kondakta aliyeniuliza nilimwambia baba anakuja. Nilibanwa na haja ndogo sikuinuka, kwa sababu niliambiwa nikalie. Saa tisa, mama mmoja muuza ndoo aliyekuwa akinitazama kutwa akasema, "Huyo baba yako, mwanangu, tutamkuta mbele ya safari." Akapakia sanduku langu pamoja na ndoo zake, akanifikisha shuleni. Sikumwuliza hata anaitwa nani.

Baba alikuja siku ya tatu. Akachekesha bweni zima, matroni akashika mbavu. Kwangu akasema, "Umeona? Umefika." Basi.

Miaka sita baadaye ndipo nikamsikia redioni amelibeba sanduku kichwani, anabishana na mlinzi. Mume wangu, kabla hajawa mume wangu, alicheka hadi machozi, nami nikainuka nikazima redio. Tangu hapo kisa hicho kikianza, nazima.

Sikuwahi kumwuliza. Nilingoja aseme mwenyewe. Siku zile za mwisho hospitalini alinishika mkono akasema, "Tulikuwa wapi?" Nikadhani ni utani wenu. Nikamwambia pumzika, baba.

Mume wangu yuko safarini na lori, nyumbani tuko wawili tu, na mpaka leo sijamwacha Tone kwa mtu hata dakika kumi. Jirani huniambia, nenda kapeleke sare zako dukani, mtoto nitamshika. Namshukuru, kisha namfunga mtoto mgongoni, mzigo wa sare kichwani, naenda navyo vyote. Kiuno kinaniuma kama cha bibi. Ukitaka kujua kwa nini sitaki kisa hicho, ni hapo. Wao wakilicheka lile sanduku, mimi nipo juu yake, bado nimelikalia.

Mama Tone


Jumamosi, 15 Machi

Mwanangu,

Umeshinda. Kisa cha sanduku hakitarushwa. Wala cha kinyozi. Nimeamua tutapiga muziki saa nzima, muziki mzuri, wa taratibu, mimi nitasema tu karibuni na kwaherini. Wewe usije, pumzika na mtoto.

Huku hali ni nzuri. Glasi ile ya kipindi ina ufa mdogo ukingoni, fundi mitambo anasema tuibadilishe, mimi nasema tuiache. Jana na juzi tumekaa tukisikiliza kanda za zamani, zipo nyingi, zimejaa kabati, nyingine zimeshika vumbi. Hazina kitu. Unajua watu wawili wakikaa miaka kumi na tisa wanapiga soga, kitu gani kitakuwemo? Soga. Kiti kinachozunguka nimekifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, sasa hakizunguki, ila nikiinuka naondoka na meza. Mkewe fundi ametuletea chai. Fizi, nasikia, zinapakwa asali, au haziruhusiwi asali, uliza zahanati kwanza. Naona wino unaisha. Hauishi, lakini naona kama unaisha.

Basi mwanangu. Muziki.

Mfuniko


Jumanne, 18 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako ni ndefu na haina kitu ndani. Wewe hujawahi kukubali jambo mara moja tangu nizaliwe. Hata chai huikataa kwanza. Na wewe ndiye uliyekuwa ukisema muziki ni kimya chenye kelele.

Kisa cha kinyozi kimekukosea nini?

Acha kuzunguka mbuyu. Umesikia nini kwenye hizo kanda? Baba ni wangu kabla ya kuwa wa wasikilizaji. Niandikie lote, na usinichekeshe.

Mama Tone


Ijumaa, 21 Machi

Mwanangu,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezichana.

Naanza na kinyozi. Tarehe imeandikwa kwenye boksi la kanda, kwa mkono wangu. Ni siku ile ya stendi. Nilidhani sikumbuki, kumbe nakumbuka vizuri. Baba yako aliingia akasema, "Dakika kumi tu, Mfuniko, nina mtoto nje." Akaanza habari za kinyozi aliyesinzia, mimi nikaongeza mteja aliyesinzia naye, yeye akaongeza foleni ya watu wanaosubiri zamu, wote wamesinzia, na nje ya duka mbwa. Kanda ikaisha, tukaweka nyingine. Tulilala chini ya meza kwa kucheka, mwanangu. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya. Tulipotoka jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Alifika mlangoni, akasimama, akatua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, namna hii, kama anayetafuta kofia. Kisha akakimbia. Mimi nikadhani amesahau mwavuli.

Hivyo kile ulichokipenda tangu mdogo, na kile kilichokuweka juu ya sanduku, ni kimoja. Ndiyo maana niliandika muziki.

Na kuna jingine, baya zaidi kwangu.

Fundi alipokuwa akitayarisha kipindi kwa ajili ya kurushwa, alikuwa anakata ukimya na kukohoa. Wasikilizaji hawasikii hayo. Kanda zenyewe, ambazo hazijakatwa, zina kila kitu. Tumezitafuta zile tatu za sanduku. Nakuandikia kama zilivyo.

Ya kwanza. Baba yako anasema, "Mlinzi akaniuliza, umebeba nini, mzee? Lakini kusema kweli, Mfuniko, pale getini mimi si..." Ting. Mimi nacheka. Yeye anacheka, baada ya muda kidogo.

Ya pili, miaka minne baadaye, tena pale getini. "Nilimwambia binti yangu dakika kumi. Kumi, Mfuniko. Halafu..." Ting. Anasema, "Acha niseme kidogo." Nami nasema, "Sheria ni sheria, Sufuria." Anasema, "Haya. Habari za shangazi yako?"

Ya tatu ni miezi miwili kabla hajafa. Sauti yake imeshakuwa nyembamba. Anasema, "Nilikuwa nacheka na wewe, ndugu yangu, nika..." Ting. Kisha kimya kirefu, kile ambacho fundi alikikata. Ndani ya kile kimya, mbali na maikrofoni, anasema polepole, "Nilimsahau. Nilimsahau mtoto kwa sababu nilikuwa nacheka." Na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani anatunga kisa kipya. Nasikika nikisema, "Hicho kihifadhi, tutakianza wiki ijayo."

Yeye hakuweza kusema neno zito mahali popote ila kwenye ile meza. Nyumbani alikuwa anatania, kwa daktari alikuwa anatania. Aliufunga ukweli ndani ya mzaha ili aupitishe, kama mtu anayevusha dawa chungu ndani ya ndizi. Mara tatu akafika mlangoni, na mara tatu mimi nikamfungia kwa kijiko. Nikijisifu kwamba nina masikio.

Umesema nisikuchekeshe. Sina cha kukuchekeshea.

Mfuniko


Jumatatu, 24 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Barua yako ilifika jana. Nilishona kola tatu nyuma mbele. Nikazifumua, nikazishona tena nyuma mbele. Nikaacha.

Sijui nina hasira na nani. Nilikuwa na hasira moja, ya miaka kumi na minne, naijua ilivyo, naijua inapokaa. Sasa umenichanganyia. Alisahau. Nilidhani kulikuwa na jambo, mkubwa fulani alimzuia, kanda iliungua, kitu. Kumbe mbwa nje ya duka la kinyozi. Halafu papo hapo naambiwa alijaribu kusema. Kwa nini alijaribu kukwambia wewe? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nampelekea maji ya kunywa kila siku kwa mkono wangu. Na wewe sikulaumu kwa kijiko. Mtu mzima akitaka kusema, anashika mkono wa mwenye kijiko.

Na mimi je? Aliponiambia "tulikuwa wapi," nilimwambia apumzike. Na mimi niligonga glasi.

Nimeamka nimeamua. Nitakuja Jumamosi. Sikilizeni masharti, na msiyajadili.

Tone anaingia studio pamoja nami. Akilia, atasikika.

Hakuna kunipangia maneno wala kuniuliza kabla nitasema nini.

Kisa cha kinyozi kitapigwa kwanza, chote. Watu wacheke. Kilikuwa kizuri, sitakiua. Kisha wataambiwa kilirekodiwa lini.

Fundi asikate ukimya.

Na glasi iwekwe mezani kama kawaida, lakini kijiko nitakishika mimi.

Mama Tone


Jumatatu, 31 Machi

Mwanangu,

Uliondoka haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka, sikupata kukuaga. Kwa hiyo naandika, na ninayo maswali mawili.

Kwanza nikusimulie ulivyokuwa, maana wewe ulikuwa ndani, hukujiona. Ulikaa kwenye kiti kinachozunguka na hakikuzunguka. Kimekuogopa. Ulipoanza kuwaambia wale makondakta mmojammoja, yule wa meno ya mbele, yule aliyekuita "bibi harusi" kwa sababu umekalia sanduku, nilimwona fundi kupitia kioo amevua miwani. Tulicheka, mwanangu, na tulikuwa hatujui kama tunaruhusiwa. Ukaja kwa mama wa ndoo. Ukaja getini. Na hapo, Mungu ni shahidi, mkono wangu ukainuka wenyewe ukaanza kupapasa mezani, ukitafuta kijiko. Nawe hukugeuka hata kunitazama. Ulisema, "Baba Mdogo, mikono juu ya meza," ukaendelea. Wamenipigia simu watu kutoka kila mahali kuniambia mikono juu ya meza. Muuza magazeti ameniambia hivyo asubuhi hii.

Na ule mwisho. Nimeusikiliza tena mara nne. "Mlinzi akaniuliza umebeba nini. Nikamwambia nguo zangu, na baba yuko nyuma anakuja. Akafungua geti, nikaingia. Hakulifunga. Alilirudishia tu, akaacha upenyo wa mtu mmoja. Nilikuwa nautazama dirishani." Kisha ukanyamaza. Mkuu wa vipindi alikimbilia kwenye kioo cha studio anaonesha ishara za muziki, muziki, na fundi akamgeuzia mgongo. Sekunde ishirini na sita. Kilichosikika ni Tone tu, akisaga kitu mdomoni.

Basi maswali. Mkuu wa vipindi anasema kipindi kiendelee, ila anataka mtu wa pili, na anauliza kama utakuja mara moja kwa mwezi. Mimi nimemwambia akuulize kwa barua, kwa simu hupokei.

La pili. Kijiko kiko wapi? Nimetafuta chini ya meza, nimemsachi fundi. Kina miaka kumi na tisa kile.

Mfuniko


Ijumaa, 4 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mwache fundi wa watu. Kijiko kiko kwangu, na sirudishi. Tone alikuwa anakisaga tangu tulipoanza, nawe umeketi mbele yake hukuona. Jino la kwanza limetoka Jumatano. La pili linachungulia. Glasi baki nayo, uinywee maji.

Kuhusu kila mwezi, nitafikiri. Shule zinafungua, sare zimejaa hadi kitandani. Mwambie mkuu wa vipindi nikija nitataka kiti kisichozunguka, na ile kanda ya tatu, isiyokatwa, niwe nayo hapa nyumbani. Siku moja Tone atataka kuisikia sauti ya babu yake, na ninataka asikie yote.

Jana nilimwacha kwa jirani. Nilisimama mlangoni, nikaingia tena, nikatoka, jirani akasema, "Mama Tone, unakwenda dukani, huendi vitani." Nikamwambia mtoto dakika kumi, nikampelekea mwenye duka sare zake. Mgongo ulikuwa mwepesi mpaka nikahisi nimesahau kitu, nikawa najipapasa njia nzima. Mwenye duka akaanza kunisimulia habari za mkwewe, na mkwewe ana visa, Baba Mdogo, ungempenda. Nikacheka. Nilipotazama saa ukutani nikaacha sare kaunta bila kuhesabiwa, nikakimbia.

Nilifika nimechelewa dakika saba. Tone ameketi sakafuni na beseni la jirani, kijiko mkononi, hana habari na mtu. Jirani akasema hakulia hata kidogo, huna haja ya kuhema hivyo. Nikapiga magoti mbele ya Tone nikamwambia, "Mama, nilikwambia dakika kumi. Nimechelewa. Nilikuwa nacheka..."

Akagonga beseni.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, subiri, sijamaliza. Nikamaliza.

Mama Tone